Mama Klachi na Gari Inayojifunga Breki

Mama Klachi alikuwa na ule uchovu ambao unalala nao na unaamka nao. Ulianzia kwenye goti la kushoto, ukapanda kiunoni, ukaenda zake mpaka mabegani, na sasa ulikuwa umekaa kabisa, kama mpangaji asiye na habari ya kuhama. Akitaka kushuka kwenye gari ilibidi autoe kwanza mguu mmoja, aushike kwa mikono miwili kama anashusha gunia, apumue, halafu ndiyo atoe wa pili. Wanafunzi wake walikuwa wanageuka pembeni, wanajifanya wanatafuta kitu mfukoni.

Kazi yake ilikuwa kufundisha watu udereva. Gari za gia ya mkono, siyo zile za kukanyaga na kwenda. Mwanafunzi anakaa kwenye usukani, yeye anakaa kiti cha pembeni, na chini ya miguu yake kuna pedali mbili za ziada, klachi na breki, zimeunganishwa kwa vyuma na zile za dereva. Mwanafunzi akiganda, mwalimu anakanyaga. Jina la Mama Klachi alipewa na hao hao wanafunzi, maana neno hilo lilimtoka mdomoni kuliko salamu. "Klachi. Klachi, baba. Klachi! Jamani, mimi nitakufa, klachi!" Jina alilozaliwa nalo lilibaki kwenye leseni tu.

Hata nyumbani miguu haikupumzika. Akiangalia televisheni, gari kwenye filamu ikikaribia kona, miguu inakanyaga zulia yenyewe. Binti yake alikuwa anamcheka. "Mama, taratibu. Umesimamisha sebule nzima."

Daktari hakucheka. Alilibonyeza lile goti huku na huku, akauliza mguu upi unafanya kazi zaidi.

"Wa kulia, wa breki," akajibu. "Huu wa kushoto upo upo tu."

"Sasa mbona ulioharibika ni huu uliopo upo tu?"

"Labda uzee una ubaguzi."

Daktari akamwambia wazi: goti lipumzike, la sivyo mbele kuna kisu. Alipumzishe vipi na ndilo linaloenda kazini? Daktari akasema abadilishe kazi. Mama Klachi akashukuru, akachukua dawa zake, akatoka akiwa na maneno mdomoni ambayo daktari hakustahili kuyasikia. Kazi nyingine aliijua ipi? Watu wengine wanajua kupika, wengine kuuza. Yeye alijua uso wa mtu anayetaka kuingia barabarani bila kuangalia.

Ndiyo maana shemeji yake alipoleta gari mpya, alitaka mno maneno yake yawe kweli.

Shemeji huyu, mdogo wa mume wake, ndiye mwenye shule ya udereva. Mtu wa maneno mengi na shati lililonyooka muda wote. Akamwita uani, gari imepaki, viti bado vina nailoni.

"Shem, njoo umuone mkombozi wako."

Mama Klachi akafungua mlango wa pembeni, akainama, akaangalia chini. Kapeti tupu. "Pedali zangu ziko wapi?"

"Hazipo."

"Hazipo vipi? Nitasimamisha gari kwa dua?"

"Shem, hii inajifunga breki yenyewe." Shemeji akaanza kuzunguka gari kama anaiuza upya. "Hapa juu kwenye kioo kuna kamera. Hapa puani kuna rada. Vinatazama mbele muda wote, vinapima kile kitu kiko mbali kiasi gani na sisi tunakifuata kwa kasi gani. Ikiona mnaenda kugonga na dereva hana habari, inapiga kelele kwanza. Dereva akiendelea kushangaa, inafunga breki yenyewe."

"Na gia ni ya mkono?"

"Ya mkono, kama unavyopenda. Kazi yako sasa ni kukaa na kunyoosha miguu. Bibi harusi."

Wakaijaribu pale pale. Shemeji akasimamisha boksi kubwa la friji katikati ya uwanja wa mazoezi, akaingia, akaliendea. Gari ikalipitia boksi bila hata kukohoa. Ikalikanyaga, ikalilaza chapati.

"Hilo boksi haijalihesabu," shemeji akasema, jasho linamtoka. "Imefundishwa kuona magari na watu. Boksi haina shida nalo."

"Na mimi itaniona? Maana siku hizi nimekaa kiboksi boksi."

Basi shemeji akajikaza, akaiendea gari ya zamani iliyokuwa imepaki ukutani, mguu umeelea juu ya breki, midomo imekauka. Taa nyekundu ikawaka, kengele ikalia, na gari ikajishika yenyewe, ikainamisha pua, ikasimama. Kati ya bampa na bampa paliweza kupita ndoo. Halafu injini ikatetemeka, ikarusha gari kidogo, ikanyamaza.

"Umeona?" shemeji akapiga kelele ya furaha. "Umeona shem?"

"Imezima."

"Imesimama! Kuzima ni kitu kidogo."

Siku nyingine Mama Klachi angeuliza maswali mpaka shemeji akimbie. Lakini goti lilikuwa linapwita, na pale mbele yake palikuwa na kiti kisicho na pedali hata moja. Hilo la kuzima akaliacha lipite.

Asubuhi iliyofuata akapangiwa mwokaji mikate. Huyu alikuwa jitu la watu, mabega yanagusa mlango, ila mpole, na kila wakati amechoka kama mwalimu wake, kwa sababu anatoka kwenye tanuri anakuja moja kwa moja darasani, unga bado umo kwenye nyusi. Kiwanda chao cha mikate kilimwahidi gari ya kusambaza akipata leseni. Aage tanuri. Mazoezi karibu yote aliyafanyia kwenye ile gari ya zamani, na Mama Klachi alikuwa ameshamwambia yuko tayari kwa mtihani.

"Mwalimu, nikisinzia unistue."

"Ukisinzia na usukani mkononi sikustui, baba. Nakuzika."

Wakatoka. Mama Klachi akanyoosha miguu yote miwili kwenye kapeti. Hakukumbuka ni lini alikaa ndani ya gari hivi. Karibu machozi yamtoke kwa raha. Wakapita maduka ya rangi, wakapita kituo cha mafuta, mwokaji anabadilisha gia vizuri, anahema kwa pua. Mbele yao pikapu iliyobeba magodoro ikaamua tu kusimama, bila taa, bila adabu.

Kengele ikalia. Kabla mwokaji hajafika kwenye breki, gari ikajishika. Mikanda ikawabana vifua. Wakasimama salama kabisa, na injini ikajikwaa, ikafa. Nyuma honi zikaanza.

"Klachi!" Mama Klachi akasema. "Umeiacha wapi klachi?"

"Nimesahau." Mwokaji akahangaika na ufunguo. "Lakini mwalimu, mbona kule kwenye gari ya zamani sijawahi kuzimisha? Nafunga breki ghafla, inasimama, inanguruma tu vizuri."

Mama Klachi akafungua mdomo amjibu. Jibu akaliona chini. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umezama kwenye kapeti, umekandamiza mpaka vidole vimekunjika ndani ya kiatu. Unakanyaga klachi isiyokuwepo.

Akauangalia kama mguu wa mtu mwingine.

Kumbe ndiyo hivyo. Miaka yote ile, mwanafunzi akifunga breki ghafla, yeye anamkanyagia klachi. Kimya kimya. Mwanzoni ilikuwa huruma, maana mwanafunzi akizimisha katikati ya barabara, honi zikilia, akili inamhama na somo limekufa. Baadaye ilikuwa uchovu, kwa sababu kukanyaga ni kwepesi kuliko kueleza tena. Mwishowe ikawa mazoea, na mguu ukaacha hata kumwambia unafanya nini. Klachi ya gari ya zamani ilikuwa nzito kama mlango wa ghala. Uzee haukuwa na ubaguzi wowote. Goti lilikuwa limebeba klachi za watu. Na wale watu wako wapi? Wako barabarani, wana leseni, wanaamini wanajua kusimama.

"Mwalimu? Niwashe?"

"Washa," akasema. "Na kuanzia leo utaikanyaga mwenyewe."

Akamweleza taratibu, sauti imepungua. Injini na matairi vimefungwa kamba moja, na klachi ndiyo inayofungua ile kamba. Matairi yakisimama ghafla na kamba haijafunguliwa, yanaivuta injini nayo isimame. Gari za otomatiki zinajifungua zenyewe. Hii ya gia ya mkono, breki inajifunga, sawa, lakini klachi hawakuiwekea mguu. Huo mguu ni wa dereva.

"Kwa hiyo yenyewe breki, mimi klachi," mwokaji akasema. "Tumegawana kazi."

Mama Klachi akaguna. Hapo ndipo angetakiwa amkatalie, na hakumkatalia. Kichwani alikuwa na klachi tu, na akaimba klachi asubuhi nzima, kila taa, kila kona, kama mtu anayelipa faini. Klachi. Tena. Klachi, baba. Mwokaji akaishika. Kila akisimama, mguu wa kushoto unashuka mapema, injini inabaki hai, na yeye anatabasamu mpaka unga unadondoka kwenye nyusi.

Wakapanda kilima cha tangi la maji. Barabara nyembamba, ukuta upande huu, mtaro upande ule. Mbele gari ya taka inapanda kwa kujivuta, nyuma yao kijana anasukuma baiskeli yenye trei za mayai zimepandana mpaka zinampita kichwa. Gari ya taka ikasimama. Mwokaji akachelewa kidogo tu, labda usingizi, labda alikuwa anasubiri mwenzake waliyegawana kazi. Kengele ikalia. Gari ikajishika.

"Klachi!" Mama Klachi akapiga kelele.

Mwokaji akakanyaga klachi mpaka mwisho. Injini ikabaki inanguruma. Akageuka, meno yote nje. "Umeona mwalimu? Haijazima!"

Mguu wake wa kulia ulikuwa umekaa kwenye kapeti, umetulia kama uko kanisani.

Gari ikashika breki kidogo. Ikalia mlio mwembamba, kama mtu anayekuuliza umepokea? Hakuna aliyepokea. Basi ikaachia. Na kwa vile klachi iko chini, kamba imefunguliwa, hakuna kilichobaki kuizuia. Ikaanza kurudi nyuma.

"Breki!"

"Si inajifunga yenyewe?"

"Inaangalia mbele! Breki!"

Mama Klachi akakanyaga. Akakanyaga kwa miguu yote miwili, kwa nguvu zote alizonazo, kapeti tupu, na goti likapiga kelele ndani ya mwili wake hata akaona nyota. Gari haikujali. Kwenye kioo akaona mayai yanakuja, na juu ya mayai macho ya kijana. Mkono ukaona breki ya mkono kabla ya kichwa. Akaivuta kwa mikono miwili mpaka juu, na gari ikasimama kwa kishindo, ikatikisika.

Ikaja sauti ya kijana wa mayai, karibu kabisa na dirisha la nyuma.

"Mama! Mnarudi wapi? Shule mmeiacha?"

Hakuna yai lililovunjika. Kijana alikuwa ameiegemeza baiskeli ukutani, tumbo limeingia ndani, trei ya chini inagusana na bampa. Mwokaji akamgeukia mwalimu wake. "Mwalimu, nimefanya ulivyosema. Ulisema klachi."

"Nilisema klachi," Mama Klachi akakubali. Goti lilikuwa limejaa kama andazi.

Jioni ile ile wakakaa gereji, yeye, shemeji na fundi wa shule, mzee mmoja mwembamba anayeongea akiwa chini ya magari kiasi kwamba watu wengi wanajua miguu yake kuliko sura yake.

"Haijaharibika," fundi akasema kutoka chini. "Imefanya kazi yake yote. Hii inamsaidia dereva aliyechelewa, haikai badala yake. Ikishasimamisha inashika kidogo, inasubiri uchukue breki. Usipochukua, inakuachia gari yako."

"Kwa nini isishike tu?" Mama Klachi akauliza.

"Zipo zinazoshika. Hii haishiki. Tena ukikanyaga mafuta kwa nguvu wakati inafunga, inaona umeamua mwenyewe, inaacha. Kwa dereva ni sawa. Kwa mwanafunzi anayechanganya miguu..." Spana ikaanguka.

Shemeji alikuwa anazungusha funguo kidoleni, shati limekunjamana kwa mara ya kwanza. "Shem, nisamehe. Nilidhani nakuletea raha. Sasa tufanye hivi. Tunaweka pedali zote mbili, natafuta mwalimu mwenye magoti mapya. Wewe unakaa ofisini. Unapokea simu, unapanga ratiba. Kiti kina mto, feni ipo."

Kusema kweli Mama Klachi alikiona kile kiti. Aliona mto, akaona feni, akaona chai imewekwa pembeni haijamwagika kwa sababu hakuna aliyefunga breki. Angeweza kusema ndiyo pale pale na asilaumiwe na mtu. Hata mume wake angefurahi, binti yake angepiga vigelegele. Akajiona pia anaangalia kupitia dirisha la ofisi, huyo mwalimu mwenye magoti mapya anatoka getini na mtu wa kwanza, anamkanyagia klachi kwa huruma.

"Weka breki," akasema.

"Na klachi," shemeji akaongeza.

"Breki peke yake. Breki naikanyaga kwa mguu wa kulia, na wa kulia mzima. Klachi ni yao."

Miguu ya fundi ikaacha kutikisika. "Watakuwa wanazimisha, mama. Kila kona."

"Wazimishe. Na ile gari ya zamani, klachi yangu ing'oe."

"Shem," shemeji akasema, "watalalamika. Watasema umekuwa mkali. Watahamia shule ya ng'ambo ya barabara."

"Si kuna feni ofisini? Wewe kaa uwapokee simu."

Fundi akacheka chini ya gari mpaka akakohoa.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia mwokaji. Akamwambia asubuhi, fundi alipomaliza kufunga pedali, kabla hata mwokaji hajafunga mkanda, kwamba mtihani wanausogeza mbele. Yule mtu mpole akakunja uso. Alikuwa ameshaaga tanuri moyoni.

"Mwalimu, wewe mwenyewe uliniambia niko tayari."

"Tulikuwa tayari wawili. Nilikuwa nakukanyagia klachi, baba. Mwenyewe nilikuwa sijui. Kwenye gari ya mikate mimi sitakuwepo."

Mwokaji akaangalia miguu yake, akaangalia ya mwalimu. "Muda wote?"

"Muda wote."

"Na mimi najisifu nyumbani." Akapangusa uso kwa kiganja. "Mke wangu nimemwambia nina mguu mwepesi."

Wakatoka. Njia ile ile, maduka ya rangi, kituo cha mafuta. Mama Klachi alikuwa na breki moja chini ya mguu wa kulia, na wa kushoto ameuweka kando, umevimba, hauna mahali pa kwenda. Kwenye njia panda basi likawachomekea. Mwokaji akawahi breki mwenyewe safari hii, hata kengele haikulia. Breki tu. Gari ikasimama, injini ikajikwaa, ikafa katikati ya njia panda.

Honi zikaanza, za nyuma, za kulia, za kushoto. Mtu akatoa kichwa dirishani. "Kama imekushinda nunua punda!"

Mwokaji akawasha, akaachia klachi haraka, ikaruka, ikafa tena. Shingo yake ilikuwa imelowa. Hakumwangalia mwalimu, lakini alikuwa anamsubiri, kama walivyokuwa wanamsubiri wote bila kujua. Mama Klachi akausikia mguu wa kushoto unajivuta, unataka kwenda. Akaweka viganja vyote viwili juu ya paja, akaukandamiza kwenye kiti. Uliuma. Ulikuwa unauma kutwa, na daktari hakuahidi kwamba utaacha.

"Mwalimu, watu wanapiga honi."

"Nasikia."

"Nifanye nini?"

Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kusema lile neno lake alikuwa amechoka. Akaegemeza kichwa kwenye kiti. "Unajua."

Mwokaji akavuta pumzi, akashusha mguu wa kushoto, taratibu, mpaka mwisho. Akawasha.